Ukipata Hela Ndiyo Uje

Naona jirani yangu muuza rangi ameshaisambaza habari yangu ya bungeni kwenye magrupu yote, tena kaitia chumvi: eti nilimdai Naibu Waziri kianzio. Uongo. Kianzio sikutaja. Msikieni mhusika mwenyewe, kidonda kikiwa bado kibichi.

Mnanijua. Miaka 19 nyuma ya kaunta, mabati, nondo, misumari ya kupima kwa kilo. Ubunge wenyewe una miezi tu. Mimi nimeapa, ulimi bado.

Juzi, saa tatu asubuhi, dua imeshasomwa, swali langu la barabara ya lami limo kwenye orodha. Usiku kucha nilikuwa nakariri mbele ya kioo huku Dodoma: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Mazuri, na sijayasikia bado. (Ndiyo utaratibu, msiniulize mimi.)

Naibu Waziri akasimama. Akataja upembuzi yakinifu, akataja usanifu wa kina, mimi naitikia kwa kichwa. Kisha akamalizia: "Serikali inaendelea kutafuta fedha."

Jamani! Maneno hayo nimeyasikia kaunta kila siku ya Mungu. Mtu kachagua bati, kaligonga kwa kidole, kapigiwa hesabu mara tatu, mwisho anaaga anakwenda kutafuta hela. Mtu huyo ana jibu lake, na jibu hilo halipitii kichwani.

Nikaitwa. Nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. Nikafunga kifungo cha koti. Nikamtazama Naibu Waziri, naye kanitazama kwa heshima zote, kalamu mkononi, tayari kuandika. Nikafungua kinywa, na kwa sauti ileile ya kushindana na mashine ya kuchomelea mageti, nikasema:

"Haina shida, bosi wangu. Ukipata hela ndiyo uje, mzigo upo."

Kimya. Nilisikia kiyoyozi. Mheshimiwa wa mbele yangu akageuka polepole, kama mtu aliyesikia harufu. Mkono wangu, bila kutumwa, ukapanda sikioni kutafuta penseli. Na penseli ilikuwepo! Nimetoka nayo chumbani, nimepita nayo getini kwa walinzi, nimeombewa nayo dua. Kamera ilikuwa upande huohuo.

Hapo ndipo meza zilipoanza kupigwa.

Sauti ikatoka kwenye Kiti: "Mheshimiwa, hilo ni swali la nyongeza?"

Nikajibu, na hapa jirani hakuongeza kitu, "Hapana, bosi."

Nikakaa. Maswali yangu mawili yamo mfukoni mpaka sasa. Mama watoto kapiga simu mara sita, zote kicheko, hakuna neno. Kijana wa dukani kayaandika maneno yangu ukutani kwa chaki, na anasema wateja wanapiga picha tu, hawanunui.

Naibu Waziri tumekutana jana kantini. Kanishika bega, kaninong'oneza: "Niwekee pembeni, bosi. Narudi."