Margaret Brundage: mjeledi wa Septemba, popo wa Oktoba

Septemba 1933, jarida la hadithi za kutisha la Weird Tales, lililohaririwa Chicago, lilitoka na jalada la mwanamke akimchapa mwenzake mjeledi. Anayechapwa amefungwa, na nguo hana. Toleo lile liliisha lote. Mchoraji wake, Margaret Brundage, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba lau kungekuwa na nakala kama elfu mbili zaidi, nazo zingeuzika.

Sahihi yake ilikuwa "M. Brundage", na wasomaji wengi wakadhani ni mwanamume hadi mhariri, Farnsworth Wright, alipowafichulia kuwa M. ni Margaret. Tangu hapo, wapinzani wanaposema majalada yake ni tamaa za wanaume tu, watetezi wake wana jibu la haraka: hizo si tamaa za mwanamume, ni kazi ya mwanamke.

Jibu hilo mimi halinitoshi. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, Brundage ana mtoto na mama mgonjwa wa kuwatunza, mume si wa kumtegemea, na jalada moja linamwingizia dola 90. Alisoma hadithi, akapeleka rasimu kadhaa za penseli, na Wright akachagua. Wright alijua kipi kinauza kwenye kibanda cha magazeti. Waandishi nao walinusa biashara. Inasemekana wapo waliochomeka makusudi msichana wa kuvuliwa nguo, mradi hadithi yao ipewe jalada. Kalamu ilikuwa ya mwanamke, ila sokoni aliyeamua si yeye.

Wapinzani, basi, wana hoja, na si ya leo. Wasomaji wa enzi hizo waligombana kwenye ukurasa wa barua: huyu anasifu rangi, yule anauliza uchi una uhusiano gani na mizimu. Nami naongeza langu, ambalo wakusanyaji wa majarida haya hulipita kimyakimya. Katika majalada mengi ya aina hii ya wakati ule, wachoraji mbalimbali walimpa Mwasia au mtu mweusi nafasi ya jitu la kutisha. Ukiyatazama ukiwa Mwafrika, mapaja wazi ndiyo yanayokusumbua kidogo kuliko yote.

Lakini wapinzani hukosea wanapoyafunga majalada yote mzigo mmoja. Chukua la Oktoba 1933, mwezi mmoja tu baada ya lile la mjeledi: mwanamke mwenye kinyago cheusi cha popo, midomo myekundu, hakuna anayemtesa wala anayemwokoa. Wakati wenzake wengi walitumia rangi za mafuta, Brundage alichora kwa chaki za pasteli, na ndiyo maana ngozi za watu wake zina ule ulaini wa vumbi. Chaki hizo hufutika kwa kidole, kwa hiyo jarida lilipohamia New York mwaka 1938, kuzisafirisha picha kukawa kazi nyingine. Matukio ya purukushani, kwa jicho langu, hayakuwa fani yake. Mjeledi wa Septemba una makelele kuliko nguvu. Popo wa Oktoba amesimama tu, na bado hupiti bila kumtazama.

Ningekuwa Wright, nakala elfu mbili za ziada ningezichapa za Oktoba. Lakini mimi sikuwa na bili ya mpiga chapa mezani.