Mfanyakazi Halisi Kuliko Wote

Kwa anayepiga picha za watu nje hapa Dar, jua la mwanzoni mwa Machi halina mjadala. Saa tatu na nusu asubuhi limeshapanda nyuzi 45 kutoka upeo wa macho, na saa sita na nusu linapita utosini. Hapo kila uso una mashimo meusi machoni kama mtu aliyekesha msibani. Ndiyo maana niliomba watu wawe yadi saa moja kamili. Nikajibiwa "hamna shida", na hamna shida hiyo ikafika saa mbili na robo.

Kampuni ya usafirishaji, Kurasini, inatafuta madereva. Imechoka na picha za kununua mtandaoni, za watu wenye helmeti ambazo hazijawahi kuona vumbi. Safari hii inataka wafanyakazi wake halisi. Tatizo la mfanyakazi halisi ni kwamba akiona kamera uhalisi unamtoka. Dereva anayeshuka mlima Kitonga na kontena bila jasho, mwelekezee lenzi ya milimita 85 uone: anabana pumzi, anainua kidevu, mikono inaganda mapajani. Kumwambia "tabasamu" ni kumharibu zaidi. Mpe kazi. Agonge tairi, akaze kamba za turubai. Halafu mwambie "tumemaliza" na uendelee kupiga, maana hapo ndipo mabega yanaposhuka.

Vizibao vya usalama navyo vina visa vyake. Ile njano ikipigwa na jua hurusha ukijani chini ya kidevu, mtu anaonekana mgonjwa. Fungua zipu, rudisha kola nyuma. Mistari ya fedha hurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo flashi ikikaa karibu na lenzi mistari inaungua nyeupe na uso unabaki gizani. Niliisogeza flashi kando nyuzi 45, nikawapa watu jua mgongoni, nikafunga kichujio cha ND8, kile cheusi kinachopitisha sehemu moja tu kati ya nane ya mwanga, ili kwa tundu la lenzi la f/4 kasi ya shata ishuke kutoka sekunde 1/1600 hadi 1/200, kasi ambayo flashi yangu inaielewa. Miguuni mwa stendi ya flashi, mfuko wa mchanga wa kilo 10. Upepo wa bandarini hauna adabu.

Mambo yakanyooka, mpaka kijana wa masoko, kwa nia njema kabisa, alipotundika bango jipya nje ya geti: KARIBU UFANYE KAZI NASI. Alitaka lijinyooshe mikunjo. Muda si mrefu bahasha za kaki zilikuwa zimejipanga hadi kwa mama ntilie. Mlinzi akauliza, "Hawa nao ni wa picha?" Sauti ndani ikajibu, "Waingize, jua linapanda."

Ndipo akasimama kijana mmoja kwenye alama ya chaki. Shati la bluu iliyokolea, limepigwa pasi, halina maandishi wala vimistari vya kuchezacheza kwenye kamera. Akavishwa kizibao. Mabega chini, macho kwenye lenzi. Mwanga wa reflekta, kile kitambaa cha kurudishia mwanga, ulimpiga usoni hakupepesa. Nikampa ubao wa karatasi akague kontena. Akakagua mpaka namba ya sili.

Dada wa HR akachungulia kioo cha kamera. "Huyu! Huyu ndiye wa bango la Barabara ya Mandela!"

Tukafika kwenye fomu za ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, siondoki eneo la kazi bila sahihi. Penye namba ya mfanyakazi, jamaa akapaacha wazi. Penye idara akaandika "yoyote".

"Samahani kaka, wewe uko kitengo gani?"

"Dada, mimi nimekuja kuomba kazi. Nimeambiwa nisimame, nimesimama. Nimeambiwa nikague, nimekagua. Nilijua ndiyo usaili wa vitendo."

Dada wa HR akanigeukia taratibu. "Kaka, futa." Kisha akaipokea bahasha ya kijana na kuiweka chini ya zingine zote, kwa kufuata utaratibu.

Jamaa hakununa. "Basi kaka, nisaidie pasipoti saizi. Nyuma iwe bluu."

Upande wa kivulini palikuwa na kontena la bluu. Nikamsogeza mita mbili mbele yake, kivuli chake kisianguke batini, reflekta nyeupe usawa wa kifua, nikapiga. Nilipogeuka, wafanyakazi halisi wote walikuwa kwenye foleni nyuma yake, vizibao mkononi, na wa kwanza ananiuliza kama nakala nane zinawezekana.