Kugusa Lami na Kupaa Tena: Mazoezi ya Lazima au Mafuta ya Bure?

Mkazi wa Pasiansi au Ilemela, jijini Mwanza, anaijua ratiba ya ndege kwa masikio. Ndege inaingia kutoka Dar es Salaam, inatua, kelele zinakwisha. Siku akiona ndege kubwa inashuka, magurudumu yanagusa lami, moshi wa tairi unafumka, kisha injini zinanguruma na ndege inapaa tena, inazunguka juu ya ziwa na kurudi kufanya vilevile, wazo la kwanza ni kwamba kuna hitilafu. Kumbe mara nyingi ndani hakuna abiria hata mmoja. Yupo mkufunzi, na yupo rubani anayejifunza aina mpya ya ndege.

Maswali hapa ni mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: kwa nini rubani ambaye tayari ana leseni arudie kutua kama mtu aliyeanza shule jana? La pili: kama ni lazima arudie, kwa nini asirudie kwenye simuleta, yaani chumba cha kuigiza urukaji, badala ya kuchoma mafuta ya ndege ya abiria mia na ushee? La kwanza lina jibu jepesi. La pili ndilo linalowagawa hata watu wa anga wenyewe.

Kila aina ya ndege ina tabia yake. Rubani aliyetoka kwenye ndege ya pangaboi akaingia kwenye Airbus au Boeing anakuta macho yake yako juu zaidi ya lami, magurudumu makuu yako mita nyingi nyuma yake, na pua inataka kuinuliwa kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa. Jambo hilo huingia mwilini kwa kurudia, na lisiporudiwa hutoka. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinamtaka rubani awe amepaa na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90, iwe kwenye ndege au kwenye simuleta iliyoidhinishwa, ndipo apewe abiria.

Zoezi lenyewe ni sekunde chache zenye kazi nyingi. Magurudumu yakishagusa, mwanafunzi anashikilia mstari wa katikati. Mkufunzi anarudisha flapu (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza uwezo wa kuinua ndege) kwenye kiwango cha kupaa, anapanga upya trimu (mpangilio unaompunguzia rubani nguvu ya kushika usukani) na kuhakikisha vizuizi vya hewa vilivyo juu ya mabawa vimelala. Injini husukumwa kidogo kwanza mpaka zote mbili ziwe sawa, ndipo hupewa nguvu kamili. Kama kuna aliyekwisha kuvuta rivasi, yaani kugeuza nguvu ya injini ili kupunguza mwendo, kupaa hakupo tena. Ndege lazima isimame. Na baina ya mzunguko na mzunguko magurudumu mara nyingi huachwa nje ili tairi na breki zipoe.

Kughairi kutua ni jambo jingine, na kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Hapo rubani yuko chini, kasi imepungua, injini ziko karibu na mwendo wa kupumzika, naye anaamua: hapana, turudi juu. Katika safari za kawaida hilo hutokea mara moja hadi tatu kwa kila safari 1,000, kwa hiyo rubani wa safari ndefu anaweza kukaa miaka miwili au mitatu bila kulifanya. Lakini siku likihitajika, kila kitu hubadilika kwa mpigo. Injini ya jeti haiamki papo hapo. Viwango vinakubali ichukue hadi sekunde nane kufikia nguvu ya kughairi. Pua inapanda, flapu zinapunguzwa, magurudumu yanakunjwa, na mnara unaongea kwenye redio.

Dubai, tarehe 3 Agosti 2016, kulitokea kile hasa ambacho zoezi hili linalenga kukizuia. Boeing 777 ya Emirates iligusa lami, nahodha akaamua kupaa tena. Alibonyeza kitufe cha kughairi, lakini kwenye ndege hiyo kitufe hicho hakifanyi kazi magurudumu yakishagusa chini. Injini zikabaki kwenye nguvu ya chini. Ndege ikainuka takriban mita 26, ikaishiwa mwendo, ikaanguka juu ya njia huku magurudumu yakiwa yanakunjwa. Watu wote 300 waliokuwemo walitoka wakiwa hai. Zimamoto mmoja akapoteza maisha. Rubani ambaye mkono wake umezoea kusukuma nguvu mwenyewe baada ya kugusa lami ana nafasi kubwa zaidi ya kuusukuma tena siku ya hatari.

Upande wa pili nao una hoja, tena hoja nzito. Mazoezi kwenye ndege halisi yameua. Tarehe 30 Machi 1967 ndege ya mafunzo aina ya DC-8 ilianguka New Orleans, Marekani, marubani wakiigiza kutua huku injini mbili za upande mmoja zikiwa zimepunguzwa nguvu. Walikufa watu 19, na 13 kati yao hawakuwa ndani ya ndege. Mwaka 1972, huko Fort Worth, DC-9 iliyokuwa kwenye mazoezi ilipinduliwa na msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege kubwa iliyokuwa mbele yake, wote wanne wakafa. Na haya si ya zamani tu. Februari 2018, mjini Tallinn, Airbus A320 iliyokuwa ikigusa na kupaa ilipoteza uwezo wa kuinua pua kwa kawaida, injini zikagonga lami. Wote saba walinusurika. Ndege haikuruka tena.

Ukiongeza mafuta, tairi, kelele juu ya nyumba za watu, na ndege isiyoingiza senti siku hiyo, unaelewa kwa nini mashirika mengi yanapenda simuleta. Humo unaweza kuwasha moto kwenye injini, kuleta upepo wa kukata njia, kumwangusha mwanafunzi na kumrudisha hewani dakika ileile. Simuleta za daraja la juu zimekuwa nzuri kiasi kwamba rubani mzoefu anaruhusiwa kumaliza mafunzo ya aina mpya humo, na mara yake ya kwanza kutua kwa ndege halisi akawa na abiria nyuma na mkufunzi pembeni. Kwa rubani wa namna hiyo sioni tatizo.

Tatizo naliona kwa kijana anayetoka kwenye ndege ndogo moja kwa moja. Simuleta husimama juu ya miguu ya mitambo inayoinamisha chumba ili mwili udhani unasukumwa, lakini haiwezi kuushikilia msukumo huo kwa muda mrefu. Na msukumo huo ndio unaodanganya wakati wa kughairi. Ndege kubwa isiyo na mzigo mzito ikipewa nguvu kamili usiku, sikio la ndani humwambia rubani kwamba pua imepanda mno, naye huishusha kuelekea ardhini. Wachunguzi walitaja kupotea kwa mwelekeo katika ajali mbili za Urusi zilizotokea baada ya kughairi kutua: Kazan mwaka 2013, watu 50, na Rostov-on-Don mwaka 2016, watu 62.

Sasa iweke ndege hiyo Mwanza. Uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kasi ileile inayosomeka kwenye kipimo cha rubani ni kasi halisi iliyozidi ile ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 5. Lami inakwisha upesi kuliko alivyozoea. Mchana upepo unatoka ziwani. Usiku na alfajiri radi hujengeka juu ya maji. Na usiku wa giza, wakati wavuvi wa dagaa wametandaza taa zao, ziwa lina nyota kama mbingu, na mpaka kati ya chini na juu unapotea machoni. Picha za simuleta za viwanja vikubwa vya dunia zimechorwa vizuri. Taa za dagaa sidhani kama kuna aliyekumbuka kuzichora.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi. Injini kuzimika, moto na dhoruba vibaki kwenye simuleta, visiguswe hewani. Lakini rubani mgeni kwenye ndege kubwa agongeshe tairi kwenye lami halisi, kama Ulaya inavyomtaka kwa kawaida afanye walau mara sita, na sehemu ya mazoezi hayo ifanyike kwenye viwanja vya ukanda huu atakavyovihudumia. Yafanyike mchana, na wakazi watangaziwe mapema kupitia serikali za mitaa na redio za hapa, maana kelele isiyo na maelezo huzaa uvumi.

Lipo pia la kwetu abiria. Utafiti wa Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa ya usalama wa anga, uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba katika ndege zinazokaribia uwanja bila utulivu unaotakiwa, takriban asilimia 3 tu ndizo hughairi. Nyingine zote hulazimisha. Sisi wa kanda hii tulizika watu 19 baada ya ndege kuangukia ziwani ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa, tarehe 6 Novemba 2022. Bado ndege ya Bukoba ikigeuza kwa sababu ya mvua na kuja kutua Mwanza, kuna wanaomnunia nahodha mlangoni wakidai amewaharibia siku. Shirika lenye busara linamwambia rubani wake kwa maandishi kwamba hatahojiwa kwa kughairi, wala kwa mafuta aliyotumia kugeuka.