Korea wanauliza kuhusu jeshi la mgeni, sisi Kenya tunaambiwa tunyamaze

Niko Korea Kusini mwaka wa sita sasa, na tangu nihamie Pyeongtaek kikazi kuna kitu kimekataa kunitoka kichwani. Huku ndiko iko Camp Humphreys, kambi kubwa kuliko zote za Wamarekani nje ya nchi yao. Mimi ni mtoto wa Nanyuki, nimekua nikiona malori ya wanajeshi wa Uingereza yakipita kwenda mazoezini, kwa hivyo kuishi karibu na jeshi la wenyewe sijaanza leo. Kilichonishangaza ni vile watu wa huku wanaliongelea bila uoga.

Ukiangalia, hii mikataba yote ya ulinzi ilizaliwa nchi ndogo ikiwa imebanwa. Korea walitia sahihi na Marekani Oktoba 1953, vita imesimama miezi tu iliyopita na nchi imebaki majivu. Sisi Januari 1964, hata mwezi mbili hatujamaliza tangu uhuru, wanajeshi wetu wakaasi kwa kambi ya Lanet na Waingereza ndio wakaitwa kuzima, halafu mwaka huo huo tukaafikiana nao mambo ya ulinzi na mazoezi. Silaumu wazee wa wakati huo kwa sababu ukiwa na shida unashika mkono ulio karibu.

Lakini Wakorea hawakuachia hapo. Walilipia, tena kwa damu, walituma zaidi ya wanajeshi 300,000 Vietnam kwa miaka ile yote, na bado wakaendelea kuuliza. Mwaka wa 1994 wakarudishiwa amri ya jeshi lao wakati wa amani, ya wakati wa vita mpaka leo wanaidai. Pesa za kugharamia hawa Wamarekani kama 28,500 zinapigiwa hesabu upya kila baada ya miaka kadhaa, mkataba unapelekwa bungeni, na mtu wa kawaida anaweza kukuambia mwaka wa 2026 ni won trilioni 1.52. Halafu kuna 2002, gari la deraya la Marekani liliua wasichana wawili wa shule barabarani, mahakama ya kijeshi ya Marekani ikawaachilia wale wanajeshi wawili, na watu wakajaa Seoul na mishumaa usiku baada ya usiku. Urafiki haukuvunjika. Wenzangu kazini wanabishana kuhusu hii maneno wakila chakula cha mchana, mmoja anataka waende, mwingine anasema na Kaskazini iko pale na nyuklia utamwachia nani, na hakuna anayeitwa msaliti.

Kwetu, 2012 mama wa mtoto wa miezi mitano aliuawa Nanyuki na mwili ukapatikana kwa tangi la maji taka la hoteli. Mpaka 2019 ndio mahakama yetu ikasema aliuawa na wanajeshi wa Uingereza, na hati ya kumkamata mshukiwa ikatoka 2025. Yule mtoto ameshakuwa msichana mkubwa! Mimi nikifikiria hiyo miaka yote roho inaniuma kabisa. Moto wa Lolldaiga wa 2021 pia, ule uliozuka kwa hifadhi wakati Waingereza wako mazoezini, watu wamezunguka na kesi miaka mingapi. Binamu yangu aliuliza kwa baraza kuhusu moshi na mifugo, akajibiwa na afisa mmoja kwamba hawa ni marafiki wanatuletea kazi, akae chini.

Ni kweli kamati ya bunge ilikuja 2024 kusikiliza watu wa Laikipia na Samburu, na hiyo naiheshimu sana.

Mwaka huo huo Marekani ikatupatia cheo cha mshirika mkuu asiye wa NATO, tukashangilia. Korea walikipata 1987. Shida ni kwamba hicho cheo peke yake hakimlazimishi Mmarekani kukupigania, kinakufungulia tu mambo kama silaha na ushirikiano wa kijeshi, Korea wana ule mkataba wa 1953 juu yake na sisi hatuna kitu kama hicho.

Juzi kaka yangu aliniuliza kwa simu kama nataka Waingereza waondoke Nanyuki, kazi za watu ziende. Nilimwambia waamue wanaoishi pale, ila kabla waamue waonyeshwe hesabu yote, tunapata nini, tunatoa nini, na mwanajeshi akiua mtu anashtakiwa wapi.