Sikuwa naiba kuku

Kwanza kabisa sikutumbukia. Nilimwagikiwa. Ni vitu viwili tofauti na naomba wale mnaonitumia picha za kuku tangu juzi muelewe hilo, maana yule fundi ameenda pale kijiweni kwetu Magomeni, hii ya Mtwara, akasema nimekutwa uani kwa watu naiba kuku nikatumbukia shimo la choo. Kuku gani? Ile nyumba hawafugi hata bata, nilikaa uani karibu saa nzima ningewaona.

Wakongwe mnakijua kile kiwanja changu cha Mangamba ambacho si changu. Kwa wageni: mwaka 2009 mzee mmoja alikuwa anauza hatua 20 kwa 30 kwa laki nane, pori tupu, mikorosho miwili na kichuguu, na mimi nilikuwa na laki nane mfukoni za korosho alizoniachia marehemu babu, nikaenda nikaangalia nikamwambia mzee wa watu "hapa hata fisi akija anaulizia njia", nikarudi mjini nikacheka na wenzangu, kesho yake nikanunua pikipiki ya mkononi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na shida ya haraka ya hela. Nilimbana kweli bei. Nilijiona mjanja.

Baada ya hapo si mnajua wenyewe. Gesi! Ikawa wazungu, mahoteli, watu wa Dar wanashuka kwenye ndege wanaulizia viwanja kama wanaulizia bei ya pweza, yani 2012 ukisema una kiwanja Mtwara unasogezewa kiti. Mtwara kuchele, yani kumekucha! Wenzangu kuchele, kwangu ndo kwanza usiku unaingia, injini ya pikipiki ilishakufa nimebaki na helmeti.

Kile kiwanja mtu akajenga. Bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu, geti jeusi. Leo naendesha bodaboda ya bosi, jioni napeleka hesabu, na kila nikipita pale lazima nibonyeze honi kidogo, kama mtu anayesalimia mali yake. Na humo ndani mimi nina mtu. Yani yule mimi aliyenunua kiwanja. Namjua vizuri kuliko ndugu zangu: ana kitambi cha heshima, anavaa kikoi mpaka saa nne asubuhi siku ya kazi, anatafuna korosho za kukaanga na maganda hatupi yeye. Sebule nimeshampangia, kochi kubwa linatazama dirisha la upepo, tivii ukutani. Miaka na miaka naipanga. Mke wangu anaijua ile sebule kuliko chumba tunachopanga.

Sasa Jumamosi nimeshusha abiria nyumba ya jirani, nimesimama pale nje naangalia geti kwa macho yangu yaleyale, geti likafunguka. Mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, kakunja uso.

"Ndo wewe fundi?"

Nikasema ndiyo.

Msiniulize. Mdomo ulitangulia. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, sebule.

"Mbona huna begi?"

"Begi linakuja nyuma, mama."

Hilo la begi lishikeni hapohapo.

Sebuleni hatukupita. Alinizungusha kwa mlango mdogo wa pembeni moja kwa moja hadi uani, akanionesha mfuniko wa zege, akasema choo kimeziba siku ya tatu, hata maji ya kuogea hayaendi. Ningeweza kukimbia. Badala yake nikakunja suruali nikaguna kama wanavyoguna mafundi, nikaomba ufito.

Jamani nyie. Bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar ni la inchi 36, mamia ya kilomita, gesi inapita usiku na mchana bila kukwama. Vurugu za kulipinga mwaka 2013 zilitutoa machozi mkoa mzima. Hili la kwao lilikuwa inchi nne, kutoka chooni hadi kwenye chemba hata hatua kumi hazifiki. Inchi nne.

Nikachokonoa. Nikachokonoa tena. Ufito ukagota kwenye kitu laini, nikausukuma kwa hasira zote za tangu 2009, nikamwambia mama aingie ndani avute maji.

Kwanza ikaja sauti. Wala haikuwa kubwa, kama mtu mzima anayemeza uji wa moto. Moyoni nikasema naam, kumbe ningeweza kuwa fundi pia. Halafu maji ya kwenye chemba yakacheza kidogo yakatulia. Nikainama kuona yametulia nini. Nikaona kitu cheupe kinachungulia kwenye mdomo wa bomba, kinatoka, kinarudi, kama kinaniangalia. Nikainama zaidi. Na hapohapo mama kaweka mdomo kwenye kidirisha cha choo anauliza "Limezibuka, fundi?", na mimi kwa malezi niliyopewa na mama yangu siwezi kuulizwa na mtu mzima nikanyamaza, nikafungua mdomo nimjibu.

Mliokuwa mnakunywa chai wekeni vikombe chini.

Ilikuwa pempasi. Imetoka kwa nguvu ya siku tatu, na nyuma yake ikafuata familia nzima. Uso. Shingo. Mfuko wa shati, wenye elfu saba ya hesabu ya bosi. Nilikaa nimeinama vilevile, macho nimefumba, nikawa napumua kwa sikio.

Ndo nikasikia mlango wa pembeni, hatua, halafu kitu kizito kinawekwa chini, kwa! Begi limefika. Nikafumbua jicho moja: fundi wa kweli, na katika mafundi bomba wote wa Mtwara hii akawa mtani wangu wa kijiweni, tunagawana karanga kila jioni. Akaniangalia. Akaangalia shimo. Akaniangalia tena.

"Mtani," akasema taratibu kabisa, "umeanza lini?"

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Nikamwagiwa ndoo tano, nikapewa sabuni ya mche na shati kuukuu, mwenye nyumba katoka na kikoi chake, hana hata kitambi, kanikazia macho, akasema "wewe si kijana wa pikipiki?" Mwalimu! Ile shida yake ya haraka ilikuwa kiwanja. Yani laki nane yangu ilienda palepale nilipoikataza isiende. Halafu mzee wa watu anasikitika kabisa, eti mpaka leo anaiwazia ile pikipiki, angeanza nayo bodaboda saa hizi angekuwa nazo kumi. Nikamwambia injini ilikufa. Hakuamini, anadhani namficha.

Alitaka kunikaribisha ndani ninywe chai, mkewe akamwangalia tu. Nikanywea uani nimesimama, fundi kageukia ukuta mabega yanatikisika.

Kwa hiyo sebule sikuiona. Ila wakati natoka pazia lilipepea, nikaona kona ya kochi. Wameliweka upande mbaya.