Shnauza hakuacha kazi, alihamishwa kituo

Mwezi wa tatu tangu tumlete mbwa nyumbani, jirani wa ghorofa ya chini alituachia karatasi mlangoni. Aliuliza, kwa ile adabu ya Kijerumani ambayo ukishaizoea unatambua kuwa ni malalamiko, kama mnyama wetu ana maumivu yoyote, kwa kuwa kila siku mleta barua anapofika husikika akibweka kana kwamba nyumba imevamiwa. Mbwa hakuwa na maumivu. Alikuwa kazini, na kosa letu lilikuwa kumchukua bila kuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Tunaishi katika mji mdogo nje kidogo ya Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, na mbwa huyo ni shnauza wa kimo cha kati. Wenyewe huandika Schnauzer, kutokana na neno Schnauze, yaani mdomo wa mnyama pamoja na pua yake, na katika mazungumzo ya kawaida neno hilohilo Schnauzer huweza kumaanisha masharubu ya mwanamume. Ukimwona utaelewa. Ana ndevu zinazoning'inia, nyusi zilizofunika nusu ya macho, na manyoya ya rangi ambayo wafugaji huiita pilipili na chumvi, kiasi kwamba hata akiwa na miezi minne tu alifanana na mzee wa baraza anayesubiri kutoa uamuzi. Watoto wangu walimpa jina la Babu palepale. Mama yangu alipolisikia jina hilo kwa simu kutoka Moshi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu zetu wamezikwa na heshima zao na mbwa atafutiwe jina lingine. Akawa Chumvi.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi na Watanzania na Wakenya wenzangu wanaoishi huku kama shnauza ni mbwa mzuri wa familia, na karibu kila mara ninaona kuwa swali limeanzia kwenye ndevu. Maoni yangu ni kwamba ni mbwa mzuri sana wa familia, lakini kwa masharti ya kazi aliyozaliwa nayo, na kwamba tabia nyingi zinazowaudhi wenye nyumba ni kazi hiyohiyo inayoendelea mahali ambapo hakuna tena farasi.

Kazi hiyo ilikuwa ya bandani. Katika maeneo haya ya kusini, kabla ya injini, mizigo na abiria walitegemea miguu ya farasi, na penye farasi pana nafaka, na penye nafaka pana panya. Mbwa wa manyoya magumu aliishi humohumo bandani, kwenye majani makavu kando ya kwato, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kuwamaliza panya kwa kasi, hata akapewa jina la utani la Rattler, yaani mkamata panya. Hata hivyo, kukamata panya peke yake kusingemtofautisha na teria, mbwa wadogo wa kuwinda wa Uingereza. Teria wengi walilelewa kumfuata mnyama hadi ndani ya shimo, peke yao gizani, mbali na bwana wao, na kazi ya namna hiyo huzaa mbwa anayejiamulia mambo. Shnauza alifanya kazi juu ya ardhi, katikati ya wanyama wakubwa wanaoweza kumuua kwa teke moja na watu wanaoingia na kutoka mchana kutwa. Ilimbidi awe mwepesi bila kumshtua farasi, amjue mtunza farasi na amtambue mgeni, na usiku aupigie kelele mguu asioufahamu. Mkulima alipokwenda sokoni, mbwa alifuatana na gari na kubaki analilinda wakati mwenyewe akipatana bei. Kwa hiyo alikuwa mwindaji, mlinzi na mwenzi wa safari kwa wakati mmoja, na ninaamini kuwa mchanganyiko huo ndio unaomfanya afae nyumbani kuliko wawindaji wa panya wengine wengi.

Jina lake la sasa lilichelewa. Kwa muda mrefu aliitwa tu pinsha wa manyoya magumu, ndugu wa pinsha wa manyoya laini, na klabu iliyoanzishwa mwaka 1895 kuwasimamia mbwa hawa ilimwandikisha kwa jina hilo. Kwenye maonyesho ya Hannover ya mwaka 1879, inasimuliwa kuwa mshindi wa kwanza wa aina hiyo alikuwa mbwa mmoja aliyeitwa Schnauzer, na jina la mmoja likaja kuwa la ukoo mzima. Huwa ninashangaa kuona chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kimemweka shnauza mdogo katika kundi la teria, huku ndugu zake wawili, wa kati na mkubwa, wakiwa katika kundi la mbwa wa kazi. Shirikisho la kimataifa lenye makao Ubelgiji linawaweka wote watatu pamoja na pinsha, na nadhani hapo ndipo kwao.

Nirudi kwa jirani. Jambo la kwanza tulilojaribu lilikuwa kumkaripia Chumvi kila anapobweka, na matokeo yake yalikuwa kwamba alibweka zaidi, kwa sababu kwa hesabu zake sasa tulikuwa tunabweka pamoja naye. Mkufunzi mmoja, mama mtu mzima aliyekulia shambani, alitueleza jambo ambalo mtu aliyekulia Afrika Mashariki angepaswa kulijua bila kufundishwa: mlinzi anayetoa taarifa na asisikilizwe ataitoa tena kwa sauti kubwa zaidi. Fikiria askari wa usiku anayepuliza filimbi na hakuna anayetoka. Tukaanza kwenda mlangoni naye, kutazama nje kwa uzito unaostahili, kumwambia "basi, nimeona", na kumrudisha sebuleni kwa kipande cha jibini. Ilichukua wiki nyingi, na sitadai kuwa amekuwa bubu. Siku hizi hubweka mara tatu au nne, hunigeukia, na nikishasema neno lile huondoka na sura ya mtu aliyekabidhi zamu. Jirani ameridhika, hasa kwa kuwa usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi ambapo majengo mengi ya huku hutakiwa kuwa kimya, Chumvi hulala kama gogo.

Kuhusu panya mwenyewe, kuna bustani ndogo nyuma ya nyumba yetu na lundo la mboji kwenye kona. Nimemwona mbwa huyu, ambaye ndani ya nyumba hawezi kutulia dakika tano watoto wakicheza, akisimama mbele ya lundo lile karibu nusu saa bila kutikisa sikio, kisha kitu kikafanyika kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata, na panya akawa amelala pembeni. Hakumla. Alimtazama mara moja na kurudi kwenye lindo lake. Hakuna aliyemfundisha, na mama yake mzazi, kwa ninavyojua, aliishi maisha yake yote katika nyumba yenye zulia. Ndiyo maana siwezi kumwamini na hamsta, yule mnyama mdogo kama panya anayefugwa ndani, wa watoto wa marafiki zetu, hata awe mpole namna gani mbele yao, na simshauri mwenye sungura sebuleni amchukue shnauza kwa matumaini kuwa watazoeana. Kuna waliofanikiwa, lakini ni kumwomba mbwa asahau karne kadhaa kila siku. Kwa upande mwingine kuna suala la afya: mbwa anayeshika panya anahitaji chanjo ya leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wao na unaoweza kumpata binadamu pia, na mwenye nyumba hapaswi kamwe kutega sumu mahali mbwa wa aina hii anapofika.

Mbwa niliyekua naye Moshi alikuwa wa getini. Alifungiwa kibandani mchana, akafunguliwa usiku, na sisi watoto tulikatazwa kumkaribia ili asizoee watu akalegea. Nilikuja Ulaya nikiamini kuwa ulinzi na mapenzi haviwezi kukaa katika mnyama mmoja. Shnauza amenibadilisha mawazo, kwa sababu yeye hulinda kwa kuwa anawapenda watu fulani, na ukimweka mbali nao unamnyang'anya sababu ya kulinda. Bandani alikaa na watunza farasi na farasi wao. Nyumbani hukaa chumba kilekile ulipo, na ukihama jikoni kwenda sebuleni atanyanyuka kwa uvivu na kukufuata. Mbwa huyu akiachwa peke yake kwa muda wa saa tisa kila siku, au akifungiwa nje kama wa getini, hugeuza akili zake kuwa za uharibifu. Sisi tulipoteza kiti kimoja na viatu viwili, vya miguu tofauti.

Kwa watoto ninampa alama za juu, ingawa si zote. Ana nguvu za kucheza muda mrefu, havunjiki kirahisi, na hana tabia ya kuwabana visigino kama wafanyavyo baadhi ya mbwa wa kuchunga kondoo. Tatizo lake ni kwamba anafikiri. Ukimwambia aketi mara ya kwanza ataketi, mara ya pili ataketi akikutazama, mara ya tano ataondoka kwenda kutafuta jambo lenye maana zaidi, na mtoto anayedhani kuwa mbwa ni mwanasesere wa kuamrishwa atavunjika moyo. Wanangu walijifunza kumficha vitu na kumwagiza avitafute, na hapo alikubali kutumika saa nzima. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, awe wa mbegu yoyote, na hilo sitalijadili.

Nimekuwa nikimzungumzia wa kati, mwenye kimo cha sentimita 45 hadi 50 mabegani na uzito wa kilo 14 hadi 20, kwa sababu yeye ndiye asili ya wengine. Mkubwa, anayefika sentimita 60 hadi 70, alikuwa mswagaji wa ng'ombe, kisha mlinzi wa mabucha na viwanda vya bia huko Bavaria, na mwaka 1925 alitambuliwa rasmi Ujerumani kuwa mbwa wa kazi kama za polisi. Ni mnyama wa kuheshimika, na kwa maoni yangu si wa mtu anayefuga mbwa kwa mara ya kwanza. Mdogo, wa sentimita 30 hadi 35, alianza kufugwa maeneo ya Frankfurt mwishoni mwa karne ya 19, na ndiye anayewadanganya watu zaidi, kwani wanamwona anatosha mapajani wakadhani ni mbwa wa mapajani. Ubongo wake haukupunguzwa kimo. Hubweka kwa kazi ileile, hufukuzia vitu vilevile, na wadogo hawa wana mwelekeo wa kuwa na mafuta mengi katika damu, jambo linaloweza kuchochea uvimbe wa kongosho, pamoja na mawe ya kibofu na kisukari. Kwa hiyo ile desturi ya kumrushia mbwa ngozi ya kuku chini ya meza, ambayo kwetu ni ukarimu, kwake inaweza kuishia kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu zile ndevu, wengi husimulia kuwa zilimkinga uso na meno ya panya. Huenda zilisaidia, lakini hoja ya namna hiyo ilitumika pia kuhalalisha kumkata masikio na mkia, na Ujerumani ilipiga marufuku kukata masikio tangu mwaka 1987 na mkia mwaka 1998, isipokuwa kwa baadhi ya mbwa wa kuwindia. Masikio yaliyokunjika mbele yanampendeza, na mkia unasema mengi ambayo uso wake wenye nyusi hauwezi kusema. Manyoya yenyewe yana tabaka mbili, la juu gumu kama waya na la ndani mororo, na njia ya jadi ya kuyatunza ni kunyonyoa yaliyokufa kwa vidole, kama unavyonyonyoa kuku, ila kwa upole. Mashine ya kunyolea ni rahisi zaidi, lakini kila unywele wa rangi ya pilipili na chumvi una vipande vya weusi na weupe. Ukiukata mara kwa mara manyoya hulainika na rangi hufifia ikawa kijivu cha majivu. Tunanyonyoa wenyewe, Jumamosi moja ndefu kila baada ya miezi michache. Anapukutisha manyoya kidogo sana, hiyo ni kweli, lakini mwenye mzio asidanganywe kuwa hakuna hatari, kwa kuwa mzio hutokana pia na mate na ngozi.

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, muuguzi mwenye zamu za usiku na watoto wawili, alikuja kutazama kama naye amchukue. Nilimweleza habari za banda, za kubweka, za mboji na za viatu vya miguu tofauti, kwa karibu saa nzima, na Chumvi wakati huo alikuwa ameweka kidevu juu ya goti lake, akitoka kunywa maji. Alisikiliza yote, akapangusa gauni lake, akauliza kama ndevu zinanuka. Nikamwambia zinanuka.