Kongamano la Vijana Nairobi Lilivyonifanya Niufikirie Upya Mtaa Wetu wa Tanga

Katika muda wote niliokaa Nairobi sijaona mahali panapoidhihirisha tofauti ya Kenya na Tanzania kama kongamano la uongozi wa vijana. Nilihudhuria moja hivi karibuni katika ukumbi wa hoteli huko Upper Hill, ambako walikusanyika vijana wa kaunti mbalimbali pamoja na sisi wachache tuliotoka nchi jirani, na kilichonigusa tangu asubuhi ni namna wenzetu wa Kenya wanavyouliza maswali. Kijana husimama, hujitambulisha kwa jina na kaunti yake, hutaja ibara ya katiba na kiasi cha fedha kilichotengwa katika bajeti, kisha humtaka mgeni rasmi aeleze fedha hizo zilikokwenda. Kwetu Tanga, kijana aliyepewa kipaza sauti mbele ya mkuu wa wilaya hutumia nusu ya muda wake kushukuru, na swali lenyewe hulizungushia adabu nyingi mpaka likageuka kuwa ombi.

Ujasiri huo una chimbuko lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawataja vijana waziwazi katika Ibara ya 55, na inaitaka dola ihakikishe kwamba wanapata elimu, ajira na nafasi ya kushiriki katika siasa. Kisha ukaja Juni 2024, vijana wakausoma Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu, wakaufafanua mitandaoni kwa lugha ambazo bibi zao wanazielewa, wakajaa barabarani, na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Watu walipoteza maisha yao, na katika ukumbi ule sikumsikia yeyote akiyazungumzia mambo hayo kwa majigambo.

Hata hivyo, mjadala ulipofika kwenye swali la mahali ambapo kijana aanzie uongozi, karibu kila mzungumzaji alitaja kiti cha mwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Kenya ina wadi 1,450, na chini ya hapo hakuna kiongozi wa serikali anayepigiwa kura: chifu na naibu wake ni watumishi wa umma wanaoajiriwa. Anayetaka kuongoza kwa kuchaguliwa hulazimika kuanza na kampeni inayopita katika maelfu ya nyumba, yenye gharama ambazo kijana asiye na kazi hawezi kuzibeba. Nyumbani tuna serikali za mitaa, vijiji na vitongoji, na wenyeviti wake huchaguliwa na majirani zao kila baada ya miaka mitano. Barua ya utambulisho ambayo Mkenya huifuata kwa chifu, mimi huifuata kwa mtu niliyempigia kura, anayejua nyumba yetu na anayejua pia kwamba nitamwona msikitini Ijumaa. Mwenyekiti mmoja wa mtaa wetu alichaguliwa angali kijana kabisa. Nilimwona akisuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja kati ya wazee wawili waliomzidi umri mara mbili, na nilimwona akisomewa mapato na matumizi yake kwa sauti kali katika mkutano wa hadhara, mpaka akalazimika kueleza fedha ya taka ilivyotumika. Shule ya uongozi kama hiyo haipatikani katika ukumbi wenye viyoyozi, na ninasikitika kwamba vijana wenye vipaji vikubwa nilioketi nao Upper Hill hawana mlango wa kuingilia humo.

Nilipopewa nafasi ya kuzungumza nililieleza hilo, lakini sikuweza kujivuna, kwa sababu ngazi hiyo tumeiziba kwa mikono yetu wenyewe. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao vikubwa kususia, chama tawala kilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, na mwaka 2024 hali haikubadilika sana. Isitoshe, Tanzania humtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha kwetu, na mwaka 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba kumkatalia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Uamuzi huo hadi leo haujatekelezwa. Mwaka 2017 John Paul Mwirigi, kijana wa miaka 23 kutoka Meru, alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini bila chama chochote. Kijana wa Tanga mwenye moyo kama wake angeambiwa kwanza akatafute kadi ya chama, na baada ya kadi awaridhishe wazee wa chama. Ninaamini kwamba waliojitokeza barabarani siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa, wengi wao ni watu ambao hawakuachiwa njia nyingine ya kusikika.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwa moyo wangu wote. Serikali yetu iitekeleze hukumu ya Arusha kabla ya uchaguzi ujao wa mitaa, ili binti au kijana anayeaminiwa na majirani zake asihitaji ruhusa ya mtu mwingine. Waandaaji wa makongamano ya Nairobi nao waache kutualika sisi walewale wenye shahada na barua pepe za kazini. Mwenyekiti wa steji ya bodaboda ya Kawangware na mweka hazina wa chama cha akiba cha akina mama wa soko la Gikomba wanaongoza watu na fedha za watu kila siku, na katika mada ya bajeti ya wadi wao ndio wanaopaswa kuketi mezani mbele, sisi tukiwa na madaftari yetu. Nimekwisha kuwaandikia waandaaji kuhusu jambo hili, na nimejitolea kusaidia kuwatafuta washiriki hao mtaa kwa mtaa kabla ya kongamano lijalo.